Shika Komeo Ndipo Useme

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo si mengi lakini ni ya kuaminika, kwamba habari hii ni kweli tupu kuanzia pembe hadi kwato. Atakayeikuta na uongo hata wa ukubwa wa chawa, nitaosha vyombo vyote vya nyumba hii mpaka mwezi mwingine uandame, pamoja na lile sufuria ambalo bibi yenu aliliunguza na hataki lizungumzwe. Nimemwomba yeye awe shahidi. Amekubali, kwa sharti kwamba nisimtaje tena.

Mwaka jana nilikuwa bado dereva wa lori la nyama katika machinjio ya mji wetu. Shule sikukaa sana. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa vibao vya madukani na magazeti ya kufungia sabuni, ndiyo maana mpaka leo habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Hii ninaijua yote, kwa sababu inamhusu mjukuu wangu.

Mjukuu huyo ni msichana wa miaka kumi na miwili. Wenzake shuleni walimpa jina la Kasuku, nasi nyumbani likatuganda mdomoni. Kila asubuhi huamka, hutandika kitanda, hupiga mswaki, kisha huvaa kiatu cha kushoto na baadaye cha kulia. Ukimwambia aanze na cha kulia, anakutazama kana kwamba umemwambia atembee kwa kichwa. Akitoka hufunga mlango, hukishika kitasa, hukitikisa, ndipo aende. Mlango wetu hauna kitu cha kuibwa nyuma yake zaidi yangu mimi, lakini hautikiswi siku moja ukaachwa siku ya pili.

Siku ile mwalimu wa stadi za kazi, binti kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa amewaagiza wanafunzi walete kitu walichokibuni wenyewe, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza. Mmoja alileta kitana chenye kioo. Mwingine, mtoto wa mwoka mikate, kijana waliyemwita Kidevu kwa sababu kidevu chake huingia darasani kabla yake, alileta kandambili zenye vifuniko vya chupa chini ili mvaaji alie kama njuga akitembea. Kasuku alileta mwavuli wa zamani alioushona ukawa kama mpya.

"Kipya hapo ni kipi?" mwalimu aliuliza.

"Hauvuji, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Kidevu akasimama. "Mwalimu, huyo hana wazo. Ukisema a, naye anasema a. Akikua atakuwa mwangwi."

Wakati wa mapumziko alimfuata mpaka bombani. "Mwangwi, hebu nijibu. Mwangwi, upo?"

Mwangwi ulijibu kwa ngumi. Mimi sikuwapo, lakini majeraha niliyaona, na majeraha hayasemi uongo. Kasuku alimvunjia Kidevu mwavuli mgongoni, vijiti vyake vikachomoka kama miiba ya nungunungu. Kidevu akamkamata shingo, akamgongesha uso kwenye koki ya bomba, mdomo ukapasuka. Wakabiringishana kwenye tope, huyu akiuma sikio, yule akivuta nywele. Mwalimu alipokuja kuwaamua alipigwa kiwiko cha jicho, na hakuna aliyekubali kuwa kiwiko kilikuwa chake.

Kwa adhabu walifagia ukumbi wa shule pamoja bila kutazamana. Juu ya hayo, mwalimu, jicho limemvimba, aliwapa kazi ya kuandika. "Kila mmoja aniambie atafanya kazi gani ukubwani, na ataleta jambo gani jipya katika kazi hiyo. Mtasoma mbele ya wenzenu mwishoni mwa wiki."

Kasuku alipotoka shule alipitia nyumbani, akachukua chakula cha mama yake na kukileta machinjioni kama kawaida. Alipanda kwenye lori langu, nililoliegesha uani nikisubiri mzigo. Mdomo ulikuwa umevimba mfano wa andazi. Akanisimulia yote.

"Babu," akasema mwishoni, "kuna kazi ya mtu asiye na wazo?"

"Ipo. Udereva."

"Babu, mimi nasema kweli."

"Na mimi pia. Siku dereva akipata wazo katikati ya barabara, wewe piga magoti uombe."

Hakucheka. "Kila mtu ana jambo jipya. Mimi nikikaa kuwaza, nawaza yale yale ya jana. Labda kweli hakuna kazi itakayonitaka."

Nikampa kitambaa cha kufutia kioo cha lori, afute mdomo.

Sasa lazima myajue machinjio yetu, maana bila hivyo hamtaelewa damu iliyofuata. Ng'ombe hukaa zizini. Kutoka zizini huingia kwenye ujia, njia nyembamba yenye kuta za zege, upana wake ng'ombe mmoja tu. Ujia una malango mawili ya chuma: la nyuma linatazama zizi, la mbele linatazama ukumbi wa kuchinjia. Sheria ni kwamba malango hayo hayawi wazi kwa pamoja hata siku moja. Ukutani mna vipandio vya chuma, kwa mtu atakayetaka kuruka juu bila kuaga.

Lango la mbele lilikuwa la binti yangu, mama yake Kasuku. Kila alipotaka kulifungua, au kuingia ujiani kuosha damu na kinyesi kwa mpira wa maji, alipaza sauti, "Nyuma?" Aliyekuwa kwenye lango la nyuma alitakiwa alishike komeo kwa mkono, alitikise, ndipo ajibu, "Nimeshika, limefungwa." Si kutazama. Kushika. Na kama mtu yeyote, hata mfagiaji, akisema "Hajashika," aliyemo ujiani hupanda ukutani papo hapo. Haulizi nani, haulizi kwa nini. Atauliza akiwa juu.

Kutwa nzima ni hivyo hivyo. Nyuma? Nimeshika, limefungwa. Wageni walidhani ni wimbo. Kasuku aliujua wote kwa kuusikiliza kutoka dirisha la lori, na mara nyingi aliujibu kimyakimya.

Lango la nyuma alikuwa amepewa kitinda mimba wangu, kijana tuliyemwita Injini. Huyo mawazo yalimtoka kama jasho. Akiwa mdogo alibuni mtego wa panya uliomkamata babake, yaani mimi, kidole gumba, na kidole hicho mpaka leo kinatabiri mvua. Wiki chache tu kazini, tayari alikuwa amechoka kushika komeo.

"Dada, hii kazi ni ya mashine," alimwambia binti yangu asubuhi ile. "Nimefunga kapi na kamba. Nikivuta nikiwa huku kivulini, lango linajifunga lenyewe. Mtu haendi wala harudi."

"Msimamizi amekubali?"

"Amesema nijaribu kwanza ujia ukiwa mtupu, mwezi mzima. Mwezi mzima, dada. Huyo mzee hata chai anaipuliza ikiwa baridi."

"Basi jaribu mwezi mzima. Mimi nina mtoto, Injini. Hilo lango ndilo lililo kati yangu na pembe."

"Sawa, dada."

Alisema sawa kama anavyosema mtu aliyeambiwa aoge.

Alasiri ile msimamizi aliitwa ofisini. Zizini kulikuwa na fahali mweusi, mkubwa kama kontena, pembe moja imevunjika na kubaki kisiki chenye ncha. Tangu ashushwe alikuwa amekwisha kupiga teke ubao ukapasuka, na alimwondolea mchungaji mmoja kofia pamoja na ngozi kidogo ya kichwa. Binti yangu alikuwa ameacha lango la mbele wazi ili maji machafu yatiririkie ukumbini. Akasimama mlangoni na mpira wa maji mkononi.

"Nyuma?"

Kamba ikalia kwenye kapi. Lango la nyuma likajivuta mpaka likagusa nguzo. Kwa macho, lilikuwa limefungwa.

"Limefungwa," Injini akajibu.

Binti yangu akaingia. Maji yalikuwa yakivuma, labda ndiyo maana hakulisikia pengo katika jibu. Lakini Kasuku, pale dirishani, alikuwa amejibu kimyakimya kama siku zote, akabaki na neno moja mdomoni ambalo mjomba wake hakulisema. Akatazama. Mikono yote miwili ya Injini ilikuwa kwenye kamba. Hakuna mkono uliobaki wa kushika komeo.

Alipaza sauti mpaka kidonda cha mdomo kikafunguka. "Mama, hajashika."

Binti yangu hakugeuka kuangalia. Alitupa mpira, akadaka kipandio cha kwanza na cha pili, na wakati huo huo lango la nyuma lilipigwa kichwa likafunguka kwa kishindo, kwa sababu komeo lilikuwa linaning'inia tu nje ya tundu lake. Fahali akapita ujiani kama treni. Pembe ile iliyovunjika ilikamata buti la binti yangu, ikalichana kutoka kisigino hadi vidoleni. Buti lilianguka. Mguu, kwa neema, ulibaki naye.

Mbele kulikuwa wazi. Fahali akaingia ukumbini, akateleza kwenye damu, akainuka na hasira mpya. Mchuna ngozi alirukia reli ya ndoano akaning'inia katikati ya nyama zilizochunwa, akijifanya mmoja wao. Mkaguzi wa nyama, mama mwenye koti jeupe na buti nyeupe, alipanda mezani na kisu mkononi, akajikata kiganja. Mizani ilipigwa ikakunjika. Meza ya matumbo iligeuzwa juu chini, na matumbo yakaruka, la kwanza likamvaa mchinjaji mkuu shingoni kama skafu.

Kisha fahali akatoka uani, kwenye jua, na akaona lango kubwa la mtaani. Lilikuwa wazi. Mlinzi wake alikuwa tayari juu ya nguzo ya taa, na hakuna aliyewahi kujua alipandaje. Nje ya lango, watoto wa shule walikuwa wakirudi makwao, mabegi mgongoni, wakipigana mateke ya mzaha.

Injini, aliyezunguka mbio kutoka zizini, akapata wazo jingine. Alivua koti, akasimama mbele ya fahali akilipunga. "Njoo huku, njoo kwangu." Fahali alikubali mwaliko. Alimchota kwa kisiki cha pembe, akamrusha, akamngoja ashuke, akampokea na kumbamiza kwenye ukuta. Tulisikia mbavu zikilia kama kuni kavu. Alipoanguka fahali alimkanyaga mkono, akamwacha hapo na povu la damu mdomoni.

Sasa, kila Jumatatu alasiri msimamizi huwakusanya wafanyakazi uani, mbele ya lori langu, na kuwaimbisha: mnyama akitoka, kwanza lango la mtaani. Kabla ya kumwokoa mtu, kabla ya kutafuta kamba, kabla ya kulia. Kwanza lango la mtaani. Watu wazima wote walikuwa wamelisikia hilo kwa miaka. Wote walikuwa wanamtazama Injini.

Mlango wa lori ukafunguka. Kabla sijamkamata Kasuku gauni, alikuwa chini, anakimbia kandokando ya ukuta. Hakumkimbilia mjomba wake, ingawa alimpenda na alikuwa akiita. Alifika kwenye lango, akalisukuma kwa bega. Lilikuwa zito kuliko yeye mara nyingi. Fahali akageuka akamwona. Lango likasaga changarawe, likafika. Kasuku akalisukuma komeo, likaingia. Mtu mwingine yeyote angekimbia hapo hapo. Yeye alilishika, akalitikisa. Na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwuliza, alijiuliza mwenyewe.

"Mtaani?" akasema. "Nimeshika, limefungwa."

Ndipo akaruka pembeni, nyuma ya pipa la zege. Fahali aliligonga lango mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye paa za nyumba za jirani. Komeo lilipinda. Halikutoka. Akaligonga tena, na tena, pua inamwaga damu, na nje tuliwasikia watoto wakipiga mayowe na kukimbia. Halikutoka.

Hapo ndipo mimi niliposhuka kwenye lori. Nilikunja mikono ya shati bila haraka. Nikamwendea fahali, nikamshika ile pembe nzima kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia niliuhifadhi kwa dharura, nikamzungusha mara kadhaa kama kitambaa cha kufuta vumbi, nikamketisha. Akanitazama kwa macho ya kuomba radhi. Nikampeleka zizini nikimvuta sikio, huku nikimpa mawaidha.

Hospitalini walimfunga Injini bandeji kutoka kwapani hadi kiunoni. Dada yake alipoingia, mguu mmoja na buti na mwingine pekupeku, alimpiga kofi ambalo muuguzi wa wodi ya tatu alilisikia akadhani ni mlango. Kisha akakaa kitandani pake akalia, na Injini naye akalia, kwa uangalifu, maana mbavu hazikumruhusu kulia vizuri.

"Nilitaka kukupunguzia kazi, dada."

"Ungenipunguzia mguu, mdogo wangu. Na huyu mtoto angebaki na nani?"

Nje kwenye benchi alikaa mkaguzi wa nyama, akisubiri kiganja chake kishonwe. Kasuku alikaa karibu naye, bega limevimba, karatasi ya mwalimu magotini. Ilikuwa tupu.

"Unaandika nini?" mkaguzi aliuliza.

"Kazi nitakayofanya, na jambo jipya nitakaloleta. Sina, shangazi. Sijui kubuni. Wenzangu wananiita Kasuku."

Mama yule alikitazama kiganja chake. "Unajua mimi nafanya nini kutwa?"

"Unakagua nyama."

"Nimesoma chuo miaka mingi nijue pa kukata. Kila ng'ombe, nakata tezi zile zile, mahali pale pale, kwa mpangilio ule ule. Kichwa, mapafu, moyo, ini. Sirukii ini kwa sababu leo nimeamka na wazo. Siku nitakapokuwa mbunifu kwenye ini la ng'ombe, mji mzima utaumwa tumbo." Akaonyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha upasuaji. "Humo ndani yuko mtu anayehesabu vitambaa kabla daktari hajamshona mgonjwa. Vilivyoingia, vilivyotoka. Kila siku. Akichoka kurudia, mtu anazikwa na kitambaa tumboni. Na yule anayepima dawa dirishani pale, na yule anayepisha treni zisigongane, hawa wote wangekuwa darasani kwenu, wangeitwa nani?"

"Kasuku," mjukuu wangu alisema polepole.

"Basi. Sisemi mawazo ni mabaya. Aliyebuni lile komeo alikuwa na wazo zuri. Hata kapi la mjomba wako huenda siku moja likafaa, likishajaribiwa ujia ukiwa mtupu. Wako watu wa kutafuta njia, na wako watu wa kuilinda njia isiwaue wengine. Ubaya ni mmoja tu: kusema limefungwa wakati hujashika. Huo hauitwi ubunifu, mwanangu. Huo ni uongo, hata ukisemwa kwa nia njema. Wewe leo wazo hukuwa nalo. Ulikuwa na utaratibu, na ukaufuata wakati watu wazima tumening'inia kwenye ndoano. Kazi za mtu kama wewe zipo, na zinakutafuta."

Mwisho wa wiki Kasuku alisimama mbele ya darasa. Karatasi yake ilikuwa fupi. "Nikiwa mkubwa nitakuwa mkaguzi wa nyama. Jambo jipya nitakaloleta: hakuna."

Mwalimu, jicho sasa limepoa, akasema hiyo ndiyo nyama atakayoinunua yeye. Kidevu alikuwa mmoja wa wale watoto waliokuwa nje ya lango siku ile. Alinyanyua mkono. "Mwalimu, nataka aniunganishie mwavuli," akasema. "Yaani, mimi nimnunulie vijiti, yeye aushone. Niliuvunja kwa mgongo wangu." Na jina la Kasuku halikumtoka mjukuu wangu, ila sasa wanalitamka kwa sauti nyingine.

Injini alipona. Siku hizi yuko kwenye karakana ya machinjio, anabuni anavyotaka, na kila anachokibuni hujaribiwa mwezi mzima bila ng'ombe.

Hapo ningemaliza, na ningemaliza vizuri. Lakini jana jioni Kasuku alikaa mezani akaisoma habari hii mstari kwa mstari, kwa mpangilio, bila kuruka. Alipofika kwa fahali na sikio lake, aliweka kidole.

"Babu, hapa ulishika ndipo ukasema?"

"Nilimshika pembe. Imeandikwa."

"Babu, ulikuwa ndani ya lori. Ulipandisha vioo vyote. Ulikuwa umelalia honi kwa paji la uso, ikalia mpaka betri ikaisha. Fahali alirudi kwa sababu mama na msimamizi walileta uani majike wapole kutoka zizini, akawafuata mwenyewe. Ndivyo inavyofanywa siku zote."

Nikamtazama shahidi wangu. Shahidi wangu, ambaye nimeahidi kutomtaja, alikwenda jikoni akarudi na lile sufuria.

Nimekuwa nikilisugua tangu asubuhi. Mjukuu wangu amesimama mlangoni, mikono nyuma kama msimamizi.

"Sufuria?" anauliza.

"Nimeshika, ni safi."

Anakuja, analipitishia kidole ndani, kuanzia ukingoni hadi chini, polepole, kwa mpangilio. Anakitazama kidole.

"Rudia, babu."